Poda ya Kemia

Mimi ni mstaafu ambaye bado hana mvi. Kwa zaidi ya miaka kumi nilikaa nyuma ya meza katika duka la fotokopi hapa Kolwezi, nikitafsiri makaratasi ya shule, mengi kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa. Kisha simu zikajifunza kutafsiri, mwenye duka akahamia Tenke kuuza vitenge, na mimi nikabaki na kamusi tatu na kuku wa mayai. Dada yangu akinisikia najiita mstaafu anacheka mpaka anashika ukuta. Lakini kazi ikikufia mikononi umestaafu, hata kama magoti hayajaanza kuuma.

Nawaandikia ninyi mnaosubiri matokeo ya ule mtihani wa kimataifa wa shule za Kiingereza, unaosahihishwa ng'ambo na kurudi kwenu kwa herufi. Sitawapangia mambo kwa mstari. Nilijaribu, nikafuta, nikajaribu tena, nikaona mtapata matokeo yenu kabla mimi sijamaliza aya ya kwanza. Hiyo ndiyo tabia yangu na mtaiona. Mama Odette, mwenye duka, alinipa jina la Madame Virgule, kwa sababu niliweza kusimamisha foleni nzima nikiwaza kama mkato ukae hapa au pale.

Kiingereza hakuna aliyenifundisha. Baba yangu alifanya kazi machimboni na alipokufa aliacha vitabu vya mashine. Sentensi yangu ya kwanza ya Kiingereza ilikuwa onyo la kutosimama nyuma ya lori. Zilizobaki niliziokota kwa madereva wa Zambia waliokuja kupiga fotokopi za makaratasi ya mizigo. Kwa hiyo kila siku ya kazi yangu niliishi na hofu moja: leo ataingia mtu aliyesoma kweli, atatazama tafsiri yangu, kisha ataniuliza mbele ya watu, "Wewe nani alikufundisha?" Hakuingia. Hofu yenyewe lakini ilikuja kazini kila asubuhi, hata Jumamosi.

Sasa poda. Mnajua desturi yetu. Matokeo ya mtihani wa serikali yakitoka, aliyefaulu anamwagiwa poda nyeupe kichwani, shingoni na mabegani, kisha anatembea barabarani hivyo hivyo huku wadogo zake wakimfuata wakiimba. Asiyefaulu anakaa ndani. Kummwagia poda ni kumtukana. Poda ni jibu: ndiyo au hapana. Kila msimu Mama Odette alipanga makopo ya poda juu ya rafu, karibu na mashine ya fotokopi. "Karatasi inaita poda," alisema, na alikuwa anauza vyote viwili.

Ndipo siku moja ya Agosti, vumbi likiwa limepaka kila kitu rangi ya tofali, msichana mmoja, Solange, akaingia na baba yake na shangazi yake. Baba, Tata Nawej, mtu wa Sandoa, alikuwa fundi wa malori katika kampuni moja ya machimbo, na kampuni ndiyo iliyomlipia mtoto ile shule ya Kiingereza. Shangazi, Tantine Charlotte, aliishi mtaa wa Kasulo na kuwapikia wachimbaji bukari, ugali wetu. Mkononi alikuwa na kopo la poda, limeshafunguliwa.

"Bonjour, Mama," Tata Nawej akasema, akaweka karatasi mezani kwa mikono miwili. "Utusomee. Mutoto alifaulu ao hakufaulu?"

Nikasoma. Kiingereza A. Biolojia B. Hisabati C. Kemia D.

Nikatafuta chini ya karatasi neno la kufaulu. Halikuwepo. Nikageuza upande wa pili. Palikuwa na maelezo madogo madogo yanayosema kwamba haya ni matokeo ya muda na cheti kitakuja baadaye. Asilimia, hakuna. Ninyi mnajua mtihani wetu: mtu anaambiwa amepata hamsini na nne au sitini na mbili, namba moja kwa masomo yote, na mtaa wote unaijua kabla ya chakula cha mchana. Hapa palikuwa na herufi nne zilizokaa kila moja kivyake, kama wapangaji wasiosalimiana.

"Sasa?" Tantine Charlotte akauliza. Kidole chake kilikuwa tayari ndani ya kopo.

"Ngojeni kidogo," nikasema, nikafungua kamusi.

Niliangalia ya kwanza, kisha ya pili. Nilikuwa natafuta nini? Hakuna kamusi inayokuambia kama D ni kilio au ni shangwe. Lakini mikono yangu haijui kukaa bure mbele ya watu wanaosubiri.

Tata Nawej akainama karibu na sikio langu. "Mama, andika tu *soixante*, sitini kwa mia. Soixante haina kelele."

"Siwezi, Tata. Wataniuliza imetoka wapi."

"Itoke kwa wewe! Si wewe njo unatafsiri?"

Wadogo zangu, shikeni hili, maana wengi walinisihi hivyo. Herufi haitafsiriwi kuwa asilimia. Ukitaka kusoma chuo hapa Kongo na matokeo ya nje, unaomba ulinganisho kutoka wizara, na ni wao wanaosema karatasi yako inalingana na nini. Mfasiri akikuwekea namba ya huruma, ofisi ya kwanza itakayoiona itaitilia shaka, na baada ya hapo itatilia shaka hata jina lako. Na hilo jina nalo litazameni siku hiyo hiyo. Sisi tuna majina matatu, wao wana nafasi mbili. Nimeona vijana ambao jina la babu limekuwa jina lao la kwanza, wakaligundua siku ya kuomba viza.

Na msiipeleke karatasi kutiwa plastiki! Baba mmoja, mtu mwema sana, alipofurahi alikimbia kwanza kwa fundi wa plastiki, ndipo akaja kwetu kutaka muhuri. Mama Odette akamwambia, "Tata, muhuri itakamata wapi? Hii iko sawa sahani." Tulijaribu kuifungua kwa wembe. Herufi za mtoto zilibaki kwenye plastiki, na karatasi ikabaki nyeupe. Tangu siku hiyo tulibandika tangazo ukutani, na bado watu walikuja na sahani zao.

Narudi kwa Solange. Tangu aingie alikuwa anatazama feni ambayo haikuwa inazunguka, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Nikamuuliza mwenyewe chuo kilimwandikia nini. Akatoa simu, akanionyesha. Chuo kimoja cha Lusaka kilikuwa kimempa nafasi ya kusomea ufamasia, kwa sharti la C au zaidi katika kemia.

"Basi alianguka," Tata Nawej akasema. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa sauti ya fundi aliyefungua injini akaona kilichovunjika. "Mi nilisema zamani. Kampuni hailipe mwaka mara mbili. Vendredi kuko lori ya kwenda Sandoa. Ataenda kwa nkambo yake, mama yangu, atamusaidia kuuzisha mihogo. Na nkambo anazeeka."

"Papa," Solange akasema. Hilo tu.

Tantine Charlotte akarudisha kifuniko cha poda polepole. Kile kifuniko kilisikika dukani kote.

Nilitaka kusema kitu, ila nilitaka kiwe sahihi kabisa, na sikuwa na uhakika. Sentensi moja ya yale maelezo madogo ilikuwa inanisumbua. Ilizungumzia kipindi cha Novemba, kwamba mtahiniwa anaweza kuandikishwa kwa somo lolote analotaka. Somo lolote. Mimi nilikulia katika mtihani wetu. Kwetu, ukianguka unarudia vyote, mwaka mzima, dawati lile lile, na wadogo zako wamekaa kando yako. Inawezekanaje mtu arudie kipande? Nilifikiri Kiingereza changu cha malori kimenidanganya.

"Mama Odette," nikasema, "nasoma hapa kama vile mtu anaweza kurudia kemia peke yake."

"Kama vile ao njo vile?"

"Sina hakika."

"Sasa unauliza miye? Ku masomo kuko *directeur*, mukubwa wa shule! Shule yake haina telefone?"

Nasikia aibu kuandika kwamba sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa na kamusi tatu mezani, na shule ilikuwa upande wa pili wa mji. Solange akapiga. Akapokea mwalimu wake wa kemia, Mzambia mmoja mwenye sauti ya taratibu, na tukaweka simu katikati ya meza ili wote wasikie. Mimi nilitafsiri kwa mdomo, bila kufuta, jambo ambalo kwangu ni kama kutembea bila viatu.

Mwalimu akasema ndiyo, kila somo linasimama peke yake. A yake hakuna wa kuichukua, B yake pia. Anaweza kufanya kemia tena Novemba, lakini orodha ya shule inafungwa baada ya siku chache. Nikamuuliza juu ya kuomba masahihisho yarudiwe, maana nilikuwa nimesikia kwamba inawezekana. Akasema inawezekana, ila alama inaweza kupanda, inaweza kubaki, na inaweza kushuka. Solange yuko mbali na mpaka wa C, na yeye hamshauri. Kisha akasema kitu ambacho nawaomba mkiulize shuleni kwenu siku hiyo hiyo ya matokeo: alama za kila karatasi ndani ya somo. Shule inaweza kuzipata. Solange alikuwa amefanya vizuri katika karatasi za kuandika. Kilichomvuta chini ni mtihani wa maabara. Walimpa chumvi, akatakiwa kutambua madini yaliyomo, akachanganya, akaogopa, akaandika jibu lingine.

"Madini gani?" nikauliza, kwa udadisi tu.

"Shaba," mwalimu akasema.

Kisha Tata Nawej akacheka. Alijaribu kujizuia, mabega yakamsaliti. "Mutoto wa Kolwezi! Anakula vumbi ya cuivre tangu kuzaliwa, hakuitambua!"

"Papa, kule ilikuwa maji ya bleu! Hapa ni vumbi!" Solange akajibu, na lilikuwa jambo refu la kwanza alilosema.

Kucheka hakukuondoa lori la Ijumaa. Simu ilipokatwa, Tata Nawej alitikisa kichwa. Alielewa maneno, ila hayakumkaa. "Mtihani ni mtihani. Ama ulipata, ama haukupata."

Tantine Charlotte ndiye aliyepata njia ya kumweleza. Alikuwa ametulia muda wote akizungusha lile kopo.

"Nawej, ngoja. Kwetu Kasulo, batu banachimba mashimo ine. Moja inaingia maji. Banafanya nini?"

"Banatosha maji inje."

"Banaziba ile tatu ingine?"

"Bazibe juu ya nini, sababu gani?"

"Eeh! Sasa wewe unataka kuziba mutoto muzima juu ya shimo moja ya chimie!"

Tata Nawej akatazama karatasi upya, safari hii akipitisha kidole, herufi moja moja, kama mtu anayekagua bolti. Akaniuliza kurudia somo moja ni kwa gharama ya nani. Solange akasema atauza maandazi ya Tantine kwa wachimbaji, asubuhi, kabla ya kusoma. Tantine akasema hakuna mtu aliyemwuliza yeye, lakini sawa. Baba akasema, "Lori itaenda. Mihogo itajiuzisha. Mpaka ile matokeo ya pili. Ikiwa tena hapana, Sandoa."

Hayo ndiyo yalikuwa masharti yake, na hakuna aliyeyapinga.

Ikabaki poda. Kopo lilikuwa limefunguliwa, na kuirudisha nyumbani nzima ilionekana ni mkosi. Tantine Charlotte akamsimamisha Solange mlangoni. Akamimina kiganja cha kwanza kichwani: "Anglais." Cha pili shingoni: "Biologie." Cha tatu mabegani: "Mathématiques." Solange akapiga chafya. Kisha Tantine akafunga kopo lenye robo iliyobaki, akampa Mama Odette.

"Hii ya chimie inabakia hapa. Usiuzishe."

"Nitaandika jina," Mama Odette akasema, akaiweka kwenye rafu ya juu, mbali na zile za biashara.

Kazi yangu ikabaki moja: kuwaandikia wale wa Lusaka. Vijana wengi wakikosa sharti huwa wanajificha. Hawaandiki, wanangoja chuo kiwasahau. Kiandikieni. Semeni mmepata nini, mmekosa nini, na mtafanya nini. Watu wa ofisi huwa wanajibu, hasa wasipoandikiwa kwa machozi.

Niliyajua hayo yote, na bado barua ile iliniua. Niliandika nikafuta. Je, nianze na majuto au na ombi? Neno la kutumaini ni lile au hili? Solange alikuja mchana akanikuta kwenye mstari wa kwanza. Alirudi kesho yake akanikuta kwenye mstari wa kwanza mwingine. Jenereta ilikuwa inanguruma nje kwa ajili ya kompyuta moja tu, yangu.

"Madame Virgule," Mama Odette akasema nyuma yangu, "essence ya jenereta inakwisha."

"Bado kidogo. Sina uhakika na huu mwisho."

"Ile mwisho iko na jina ya mutoto?"

"Iko."

"Iko na swali?"

"Iko, lakini..."

Mkono ukapita juu ya bega langu, wenye pete na harufu ya poda, ukabonyeza. Barua ikaenda. Nilipiga kelele kama mtu aliyekanyagwa. Niliisoma tena baada ya kutumwa, na kweli palikuwa na salamu mbili, moja juu ya nyingine, kwa sababu sikuwa nimeamua. Sikula vizuri siku ile.

Walijibu kabla ya wiki kwisha, mistari michache: akipata C, wanampokea muhula unaofuata, haombi upya. Juu ya salamu mbili hawakusema kitu. Nimeisoma barua ile mara nyingi nikitafuta kama kuna mahali wanacheka. Sijapapata.

Miezi ile Solange aliuza maandazi, akasoma, na Jumamosi mwalimu alimfungulia maabara. Alipopita dukani kupiga fotokopi za mitihani ya zamani alikuwa na vidole vya buluu, na mimi nilimuuliza maswali mpaka wateja wakalalamika. Kwa nini jiwe la shaba ni la kijani na maji yake ni ya buluu? Kwa nini ukiongeza tone unaona wingu, na ukiongeza zaidi linapotea? Alinieleza amesimama, akichora kwa kalamu kwenye karatasi zilizoharibika za mashine. Siku moja aliokota kokoto la kijani mbele ya duka letu, akaligeuza geuza, akasema, "Mama, na mi nilikuwa nalitupia mbuzi." Kama mnaona aibu kurudia somo, wadogo zangu, jueni kwamba sijawahi kumwona mtu anayesoma kwa raha kama yule aliyekuwa na somo moja tu.

Matokeo yalikuja Januari, mvua ikinyesha kwa nguvu. Solange aliingia amelowa, simu ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Aliiweka mezani mbele yangu, kama baba yake alivyoweka karatasi.

B.

Nilisoma mara mbili, kisha nikaacha. Mama Odette alikuwa ameshapanda kiti na kushusha kopo. Tantine Charlotte aliitwa kwa simu, akaja na pikipiki, akakataa poda isimwagwe mvuani, "itakuwa bukari." Basi tukangoja wote, na Tata Nawej akatukuta hapo, bado na mafuta ya mashine mikononi, akasimama akitazama mvua kama anayeidai. Ilipokatika, ni yeye aliyechukua kopo. Akamimina robo yote kwa mpigo mmoja.

"Chimie," akasema, akampa Tantine kopo tupu.

Solange akatoka barabarani. Januari, peke yake, mweupe kichwa mpaka mabega, akiruka madimbwi. Si msimu wa matokeo ya serikali, hakuna wimbo, watu wanasimama kumtazama. Kijana mmoja mchimbaji, naye mweupe kwa vumbi la shimo, akateremsha mfuko wake.

"Yaya, dada yangu, uliangukia mu mufuko ya bunga?"

"Apana. Ni juu ya chimie."

"Chimie njo nani?"

Akamweleza. Walisimama pale muda mrefu, weupe wote wawili, yeye akionyesha kwa vidole: nne, tatu, moja. Kijana aliacha kucheka. Akavuka barabara, akaja mpaka mlangoni kwetu, akaniuliza kwa sauti ya chini. Mtihani wake wa serikali ulimshinda miaka iliyopita, kidogo tu, akaingia shimoni. Je, ule mtihani wa herufi, mtu kama yeye, asiye na shule, anaweza kujiandikisha? Hata somo moja?

Nilinyoosha mkono kuchukua kamusi, kisha nikauona mkono wangu, nikaurudisha.

"Sijui," nikamwambia. "Kesho asubuhi tupigie shule, tuulize."

Akatazama rafu ya makopo nyuma yangu.

"Uliza kwanza," Mama Odette akamwambia. "Poda iko."